Nani Ataonja Kwanza

Kipkelion, 6 Aprili 2024

Joan wangu,

Chamgei! Hujambo, mama? Huko Litein mvua imewafikia? Mimi ni mzima. Dawa za kichwa nameza kila jioni, mjomba wako Kimeli akinikodolea macho kama askari wa geti. Zinanilaza kama gogo, lakini zile sauti zimenyamaza.

Nimemtuma Mjomba na kibuyu cha mursik. Makaa nimesugua mwenyewe ndani ya kibuyu, na maziwa niliyogandisha ni ya yule ng'ombe wako mkorofi. Kunywa, halafu uniandikie kama imeiva. Nyumba hii ni kubwa sana bila wewe.

Mama yako,
Rodah

Litein, 2 Juni

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi na Shangazi Rebeccah tuko salama. Pole nimekawia, niliogopa kukuandikia.

Mama, ile mursik sikunywa. Niliimwaga kwenye michai nyuma ya nyumba. Shangazi hakunituma, ni mimi tu. Nilikumbuka ile siku ulimwaga ugali wetu wote ukisema umetiwa sumu, ukanitia vidole mdomoni nitapike. Tafadhali usinikasirikie.

Mtoto wako,
Joan

Kipkelion, 9 Juni

Joan wangu,

Hamjambo huko? Ai, nikukasirikie kwa nini? Nimelia, basi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na aliyekutia hofu ni mimi.

Hata kwetu mwenye pombe huonja kwanza, ndipo mgeni anywe. Shule zikifunga Agosti nitakuja na kibuyu kingine, nionje mbele yako. Ukikataa bado, tutakaa tu kwa benchi unihadithie mambo ya shule. Nina hamu na wewe mpaka naongea na ng'ombe. Usimwambie daktari!

Mama yako

Litein, 18 Agosti

Mama,

Chamgei. Unaendeleaje huko wodini? Wanakupa chai ya moto?

Nilikungoja kwa benchi tangu asubuhi, nimevaa ile sweta yako. Akaja Mjomba peke yake na kibuyu. Anasema sauti zilirudi, akakukimbiza hospitali Jumatano, na mursik ulikuwa umeshaitengeneza. Kama ulipoitengeneza ulikuwa umeanza kuugua, hajui. Shangazi akasema tuiache kwanza mpaka upone.

Walipoenda kukamua nilibaki na kibuyu jikoni. Niliogopa, Mama, sikudanganyi. Hakukuwa na mtu wa kuonja kwanza.

Nilikunywa. Imeiva vizuri.

Joan wako