Hamadi, Nimekuwa Nikiitikia Jina Lako

Mdogo wangu Hamadi,

Nakuandikia barazani petu hapa Msambweni, saa saba mchana, saa ambayo mama alikuwa akitukataza kutoka nje kwa kuwa, alivyosema yeye, wakati huo njia si ya watu peke yao. Nyumba iko kimya. Kama una la kunijibu, nakuomba usinijibu kwa sauti.

Nianze na mema. Unakumbuka uwanja wetu nyuma ya nyumba, kati ya ile minazi miwili? Mpira wa matambara tuliufunga wenyewe kwa kamba, kanga ya mama mdogo Mwanasha imo ndani yake na mwenyewe anaitafuta nyumba nzima! Ulikuwa mbishi wewe. Ukipiga nje unasema mnazi umesogea. Nami nakufukuza hadi kisimani, unacheka mpaka unashindwa kukimbia.

Mwaka mmoja kabla ya bendera ya Mwingereza kushushwa nikapata nafasi ya kwenda kusoma Marekani, na huko nikaukuta mpira mwingine kabisa. Wanaubeba mikononi, una umbo la papai, na wanaume waliovaa kofia ngumu zenye vyuma mbele ya uso wanagongana kama mafahali. Mguu hutumika mara chache, na hapo huitwa mtu mmoja maalumu aupige upite kati ya nguzo mbili ndefu. Wenyewe walipiga kwa ncha ya kiatu. Mimi siku ya kwanza nilipiga kwa upande wa mguu, kama nyumbani, wakacheka mpaka ulipopita katikati ya nguzo. Nilipomaliza masomo klabu moja ikaniajiri kwa kazi hiyo tu.

Nilimpelekea mama picha yangu nimevaa ile kofia. Mama mdogo akaniandikia kuwa mama aliitazama, kisha akaigeuza ikaelekea ukutani. "Kichwa cha mwanangu kimetiwa kizimbani," alisema. "Mmoja yatosha. Hamadi akienda huko, akasome."

Ukaja kusoma. Lakini ni nani aliyekupeleka uwanjani ujaribu? Ni mimi, Hamadi. Nilitaka Wamarekani waone kuwa yule wa kwanza hakubahatisha. Mwaka wa pili klabu ya mji mwingine ikakuchukua, ukaacha chuo, ukaniambia, "Kaka Bakari, tusimwambie mama." Nami mkubwa mzima nikakubali. Ukawa unamwandikia habari za madarasa usiyoingia, na barua zako zilikuwa tamu kuliko zangu za kweli.

Tulicheza mmoja dhidi ya mwenzake mara moja tu. Ndugu wawili kutoka Msambweni, kila mmoja upande wake, maelfu ya watu wanapiga kelele! Ulikosa mpira mmoja, ukavua kofia, ukanipigia ukelele kwa Kidigo kutoka ng'ambo ya uwanja kwamba mnazi umesogea. Nilicheka hadi kocha wangu akaudhika. Sijapata kufurahi hivyo tena.

Majira ya baridi yaleyale, ulipokwisha kupiga, jitu moja likakugonga ubavuni ukaangukia kichwa. Waliniambia uliinuka, ukacheka, ukakaa kitako, ukasema kichwa kizito. Nilipanda basi usiku huohuo. Nilipofika ulikuwa umeshafunikwa. Nilikuosha mimi pamoja na Waislamu wawili tuliowapata mjini, tukakuzika kwenye ardhi ngumu kiasi kwamba ilibidi ivunjwe kwa sururu.

Sasa nisikilize nilichofanya. Sisi watu wa pwani hatumpigi mtu msiba usoni. Hatusemi fulani amekufa, tunasema hatunaye, jina tunaliacha likae kwanza. Nami mkono ulikataa kabisa kuliandika jina lako. Nikapeleka simu ya maandishi, maneno machache: MCHEZAJI WETU HATUNAYE TENA. NARUDI NYUMBANI. MWANAO. Nilidhani nimefanya adabu. Wallahi nilisahau kwamba nyumbani mchezaji alikuwa mmoja tu, naye ni mimi.

Nilifika baada ya mwezi, kwa kuwa karatasi na meli vilinichelewesha. Wa kwanza kuniona alikuwa mama mdogo Mwanasha, anateka maji. Hakupiga kelele. Aliniambia, "Simama hapo hapo. Vua viatu."

Nikavua. Akaitazama miguu yangu kwa muda mrefu, kwato za jini hakuziona, akaja akaishika kwa mikono yake miwili. "Sasa tuliyemsomea hitima," akauliza, "ni nani?"

Nikainamisha kichwa. Akanielewa, akakaa kwenye mchanga, akakulilia wewe, mdomo umezibwa kwa kanga asisikike. Kisha akanishika shati. "Mama yako amemlia Bakari mpaka machozi yamemkauka. Kinachomweka hai ni kwamba Hamadi anarudi. Ukimwambia leo unamwua. Ngoja arobaini ipite."

Na mama kutoka ndani, macho yake yameingiwa na mtoto wa jicho, akaita, "Hamadi? Ndiye wewe, Hamadi?"

"Naam, mama," nikaitika. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Ndugu yako ametuacha."

Arobaini ikapita. Ukapita mwaka, na wa pili, na wa tatu. Wazee waliotujua walinitazama sana, lakini wao wenyewe walikuwa wameula wali wa hitima ya Bakari, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kufungua mdomo. Nikapata kazi kwenye hoteli mojawapo ya zile mpya za Diani, na huko pia nikajiandikisha Hamadi. Kila mwaka mama alichinjisha mbuzi, tukatandika mikeka, nami nikakaa katikati ya watu nikasoma Yasini nikijisomea mwenyewe. Maalimu akisema thawabu ziende kwa roho ya marehemu Bakari, mimi moyoni nasema Hamadi, Hamadi, upesi upesi, kabla hazijapita. Sijui kama zilikufikia. Hilo ndilo lililoninyima usingizi, wala si uongo wenyewe. Nilijiona mtu anayemlia nduguye sadaka yake.

Nafikiri hazikufikia, maana ukaanza kuja.

Mara ya kwanza ilikuwa saa kama hii. Nilisikia nyuma ya nyumba: du. Kimya kidogo. Du. Nikasema nazi zinaanguka. Lakini nazi haziangukii mahali pamoja, na minazi ile ilikwisha kukatwa. Nilipotoka sikumwona mtu. Mchanga ulikuwa umechimbika pale tulipokuwa tukiuweka mpira, na kando yake pana unyayo mmoja mtupu wa mguu wa kushoto, ule unaosimama wakati wa kulia unapiga. Wa kuja haukuwako, wala wa kuondoka. Nikaufuta kwa mguu wangu, nikaingia ndani, nikakaa nimeegemea mlango mpaka adhana ya alasiri.

Mara ya pili ukaniita. "Kaka Bakari!" Jina hilo hapa kijijini halikuwa na mtu wa kuliita ila mama mdogo kwa kunong'ona, na sauti ilikuwa yako, hata ule mkwaruzo. Unajua tulivyofundishwa: ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Ukaita tena. Nilijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, Hamadi, nisikuitikie ndugu yangu mwenyewe. Nakuomba radhi kwa hilo. Niliogopa mno.

Mama alikuwa amekaa mkekani anachambua mchele kwa vidole. Akainua uso. "Masikini Bakari," akasema polepole. "Anajiita mwenyewe. Hajajua kama amekufa."

Tangu siku ile nikawa naogopa kujitazama kwenye kioo cha hoteli. Mgeni akiniita Hamadi naitika haraka kuliko alivyoita. Mama mdogo naye akaacha kuniita Bakari hata tukiwa wawili, na nilipomwuliza sababu akasema ulimi umezoea. Yeye alifariki mwaka jana. Baada ya hapo hakubaki hata mmoja aliyewahi kukiri kuwa ananijua.

Mwezi uliopita mama akaugua, na safari hii sote tuliona kuwa ndiyo ya mwisho. Alhamisi iliyopita mchana nilikuwa nampa uji, akakisukuma kijiko, akatabasamu. "Nikifika huko," akasema, "Bakari ndiye atakayenipokea, eti? Nitamtafuta Bakari kwanza."

Hapo nikashindwa. Nilimwona ameshuka peke yake mahali pa giza, kipofu, anaita jina langu, na wewe umesimama karibu naye anakupita. Nikaweka bakuli chini, nikamwambia yote. Mpira wako, chuo ulichoacha, kichwa kizito, ardhi ngumu, maneno ya ile simu.

Hakulia mara moja. Aliuliza, "Alipoanguka, nani alimshika kichwa?"

"Sikuwako, mama. Sijui."

"Alikuwa amekula?"

"Sijui, mama."

Ndipo alipolia. Alikulilia, Hamadi, kwa jina lako, sauti ikatoka kwenye kile kifua chembamba mpaka majirani wakaja mbio. Kisha akanigeukia. "Na wewe miaka yote hii nakuita Hamadi, unaitika! Unaitika na kula mkononi mwangu!" Nilishika miguu yake.

Kesho yake baada ya sala ya Ijumaa tukakusomea hitima. Mama aliagiza abebwe hadi barazani alisikie jina kwa masikio yake. Maalimu akasema, "Kwa roho ya marehemu Hamadi," watu wote wakaitikia amina, nami nikaitikia kwa kichwa kilichoinuliwa, mara ya kwanza bila kuibadili nia. Upepo ulikuwa haupo, lakini mikeka yote iliinuka pembeni kidogo, ikalala. Naapa wengine waliiona. Tangu saa ile nyuma ya nyumba hapajasikika kitu, kwa hiyo najua umepokea, nashukuru, pumzika.

Ila yako na yangu hayajaisha. Watu walipoondoka nilikaa karibu na mama. Akanipapasa uso, paji, pua, kidevu, polepole kama anayetafuta kitu alichokiangusha.

"Hamadi tumemsomea," akasema. "Sasa wewe ni nani?"

"Mimi Bakari, mama."

Aliuondoa mkono wake. Hakuuvuta kwa hasira. Aliuondoa kwa adabu, kama unavyouondoa kwa mgeni uliyemgusa kwa makosa. "Bakari tulikwisha kumsomea," akasema. Akajifunika mtandio mpaka usoni, akaelekea ukutani. Nilimsemesha jioni ile na Jumamosi nzima. Nilimwimbia, nilimtajia siku ya kutahiriwa kwangu, nilimtajia kovu la goti langu. Alimwambia jirani anayemwosha, "Kuna mtu humu ndani anasema sana. Mwulize anatoka wapi."

Jumapili alfajiri akafariki. Tumemzika jana.

Sasa yuko kwako, Hamadi, na nakuandikia kwa haja hii moja. Mpokee wewe. Mwambie jina lako mapema, aisikie sauti yako, asihangaike. Na akianza kumwuliza kila mtu huko Bakari yuko wapi, mshike mkono umkalishe. Mwambie asinitafute kwa wafu. Mwambie ile mikono iliyomshika miguu Alhamisi ilikuwa na joto. Mwambie niko hai, mdogo wangu, wewe atakuamini.

Ni mimi kaka yako,
Bakari