Sufuria Isiyoliwa na Asidi

Mama,

Shikamoo. Huku Nyarugusu wachimbaji bado wanakuja kula kwangu, ila sufuria yako haipo tena. Mwanao Masanja ameimaliza.

Unamjua kaka. Anajiita mnunuzi wa dhahabu, kumbe kazi yake ni kuwabebea wanunuzi mizani. Tulipokuzika tu akakumbuka maneno ya yule fundi wa Segese aliyekutengenezea sufuria: kwamba chuma chake kimechanganywa na titani kidogo, ndiyo maana hata pale alipochomelea hapashiki kutu. Mimi nilisikia habari ya kutu. Yeye alisikia habari ya madini.

Akaidondoshea asidi, ile wanayopimia dhahabu. Haikubadilika hata rangi. Akatoka kifua mbele: "Dhahabu hailiwi na asidi, na hii hailiwi. Mayu, mama yetu, alikuwa anapikia mali." Nikamwambia imetengenezwa isiliwe, ndiyo kazi yake. Akanijibu kwamba wanawake hatujui madini. Akaikata vipande kwa grenda, akavifunga kwenye kanga yako, akaenda navyo Shinyanga mjini. Masonara walimcheka mpaka akaisahau kanga hukohuko. Akili nywele, Mama, na mwanao ana kipara.

Akaniletea sufuria mpya ya kung'aa, eti tusahau. Nikalaza humo mchuzi wa nyanya. Asubuhi maungio ya mikono yake yalikuwa na kutu. Nilikaa jikoni nikalia. Nilikumbuka ulivyokuwa ukilaza mchuzi wa ndimu kwenye yako, mimi nalalamika utaharibika, na wewe unaniambia, "Lala mwanangu, hiyo sufuria haina njaa." Nimekukosa sana, Mama.

Alichoacha ni kitako tu, kwa sababu grenda ilimshinda. Nilikichukua nikakichomeka kaburini, kando ya ule msalaba wa chuma alioutolea hotuba mbele ya waombolezaji, kwamba utadumu kuliko sisi sote. Mvua zimenyesha. Msalaba wa kaka unachuruzika kutu juu ya jina lako. Kitako cha sufuria yako ni cheupe, na mshono wa fundi bado mzima.

Nimeshaongea na fundi, ataliandika jina lako kwenye hicho kitako. Msalaba nitamrudishia Masanja, akaupime kwa asidi.

Pumzika, Mama. Nakuahidi nitakuja kukisugua kwa majivu kama ulivyonifundisha, ingawa hakitahitaji.

Mwanao,
Kabula