Nimemfungia Baba Mkwe Tovuti, Akaanguka Bafuni

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla fundi wa kompyuta hajafika. Mimi ni mwalimu, naishi na mume wangu na baba yake, fundi saa mstaafu, mtu wa heshima zake lakini akishika lake hasikii la mwadhini wala la mnadi swala. Ana kisukari. Alianza kusoma tovuti moja inayosema sindano ni sumu, nikamkuta anamwaga dawa kwenye sinki, nikamwambia, "Baba, utatuletea msiba," akanijibu, "Mwanangu, mimi nimeliona jua kabla yako." Mume wangu akasema muache, mtu mzima huyo. Basi nikaingia kwenye mipangilio ya kivinjari cha kompyuta ya sebuleni anayosomea, nikaizuia tovuti ile, na kwa kuwa nyingine zilikuwa zinachipuka kama uyoga nikaandika kanuni kwamba ukurasa wowote wenye neno "kisukari" kwenye anwani yake usifunguke. Mzee akalalamika, "Kompyuta hii imezeeka kunishinda," lakini alipokosa cha kusoma akarudia sindano, nikashukuru kimoyomoyo. Kumbe nimefunga na ukurasa wa kliniki yake, wenye neno lilelile kwenye anwani, ambako daktari alimwandikia apunguze dawa! Jumanne sukari ikashuka, akaanguka bafuni, tukavunja mlango. Amezinduka, yuko kitandani. Muuguzi wa kliniki anasema ujumbe ulitumwa, mume wangu anaapa ukurasa haufunguki, kamwita fundi aje kesho, na wifi yangu ananitazama kwa jicho la pembeni. Nifute ile kanuni kimyakimya? Nikisema, nitaitwa muuaji.

Mkwe mwenye hofu


Pole, dada yangu. Mkono wako na usiiguse hiyo kompyuta ukiwa peke yako! Ukifuta kimyakimya fundi hataona kitu, na daktari ataandika kwamba mzee ni mkaidi, hasomi anachoambiwa. Utakuwa umemwangusha mara ya pili.

Najua ulitaka apone, na kwa siku kadhaa ulifanikiwa. Ila ulimfungia mtu mzima mlango bila kumwambia, tena ukafunga kwa neno pana kiasi hicho, wala hukujaribu hata kuona kama kliniki yenyewe inafunguka. Mwalimu mzima! Na mumeo asinawe mikono. Baba anamwaga dawa, yeye anasema "muache"?

Mwambie mumeo leo, akirudi kazini, kabla hajavua viatu. Kisha mwende wote wawili kitandani kwa mzee, na kompyuta mkononi kama inabebeka. Mweleze ulichofanya, uondoe kanuni ya lile neno mbele ya macho yake, mfungue ukurasa wa kliniki pamoja, msome ujumbe wa daktari. Ile tovuti ya uongo muulize yeye kama ibaki imefungwa. Akikataa, daktari abishane naye, si wewe na vitufe vyako. Mpigieni huyo daktari leo hii, ajue kilichotokea, na mwombeni maagizo ya dawa yaje pia kwa simu.

Mzee atafoka, wifi atasema yake. Usijitetee. Yupo hai wa kukugombeza, nenda ukagombezwe.