Pete ya Ndimu Sita

Bagamoyo, Jumatano, 1971, baada ya isha

"Haitaki kulala, Mwalimu." Ndivyo alivyosema Mwanaidi wa kidato cha tano alipoweka pete yake ya kaboni mezani kwangu katika kipindi cha kemia: ndimu sita badala ya atomi, zimeunganishwa kwa chelewa za ufagio wa kwao. Ilikuwa imejikunja, ncha moja juu, nyingine chini.

Mimi ubaoni nilikuwa nimeichora bapa. Nikamwambia amekosea, nikaikandamiza kwa kiganja mbele ya wenzake. Chelewa mbili zikakatika. Darasa likacheka, nami nikatabasamu.

Kengele ilipolia akanijia. "Mwalimu, naomba nihamie historia."

Nikamjibu sawa. Sawa tu, kama mtu aliyeombwa chaki.

Jioni nikafungua kitabu, ukurasa ambao siku zote nauruka. Pete ya kaboni sita ukiilaza bapa, viungo vyake hubanwa. Ikijikunja mfano wa kiti, hutulia. Yake ilikuwa sahihi.

Kesho nitasema hivyo mbele ya wale wale waliocheka, kama bado atakuja kwenye kipindi changu.

Kinachoniuma si kutojua. Ile pete ilikuwa ikinisukuma kiganjani. Nilihisi kabisa, nikazidi kukandamiza.