Mguu wa Shemeji

Shoga, bado natetemeka kwa hasira.

Yule shemeji yangu mshairi, ambaye vita kaviona kwenye runinga tu, leo kasoma ukumbini shairi la askari aliyekatwa mguu. Kila neno kaliiba kwa kaka yake, mume wangu.

Kumaliza, akashuka jukwaani anachechemea. Nakuambia anachechemea, mguu wa kulia, na yote miwili anayo mizima.

Watu wanalia mpaka kamasi. Wakamletea kiti mbio.

Na mume wangu na mguu wake wa bandia kaegemea ukuta tangu mwanzo, kakosa pa kukaa.

Nikachomoka pembeni yake nikamtolee uvivu yule mtu. Mume wangu akanishika mkono.

"Mwache apumzike. Ila mkumbushe uliokatwa ni wa kushoto."