Masomo ya Kunyamaza

Kabiro, Kawangware,
Nairobi.
8 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Timo,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu, ambako mvua imenyesha mpaka viatu vyetu vyote sasa vina rangi moja. U hali gani? Joto la Doha linakutendeaje? Binamu yetu Valentine alipofika likizo alituambia umekonda, na kwamba siku hizi mnaanza kazi alfajiri ili jua lisiwakute juu ya paa. Kula, Timo. Usinidanganye kwamba unakula. Mimi nilikubeba mgongoni na sauti yako ya njaa naijua.

Sisi ni wazima, tunamshukuru Mungu. Murunga wangu bado anachomelea milango kule Riruta, watoto wanasoma, na cherehani yangu inakubali kufanya kazi ikibembelezwa. Najua unajiuliza kwa nini nimeandika barua wakati simu zipo. Vumilia, utafika hapo. Valentine ndiye atakayekuletea, na nimemwapisha asiikunje.

Kwanza nikupe habari za masomo yangu. Ulicheka sana nilipokuambia nimejiandikisha kusomea ushauri nasaha nikiwa hapa hapa nyumbani, kwa masomo ya mbali. Ukasema mimi nimekuwa nikitoa ushauri bila cheti tangu shule ya msingi. Basi hapo ndipo shida ilipoanzia.

Masomo yanaingia kwenye simu. Kuna maandishi ya kusoma, kuna video, na kila Jumamosi asubuhi kuna darasa la moja kwa moja na mwalimu. Naegemeza simu kwenye cherehani, navaa blauzi nzuri, chini nimevaa leso na malapa. Siku ya kwanza nilisahau kuzima maikrofoni. Nje Mama Waruguru, mwenye ploti hii tunayopanga, alikuwa akimfukuza kuku wa jirani kwenye nguo zake zilizoanikwa, na mdomo wake unaujua. Darasa zima likasikia kila neno. Mwalimu akauliza kwa upole, "Excuse me, kuna mtu ako na emergency?"

Kitu cha kwanza nilichofundishwa ni kufunga mdomo. Usimpe mtu jibu. Usimwambie ajikaze. Usimwulize kwa nini, maana akiulizwa hivyo ataanza kujitetea. Kaa naye, msikilize, mrudishie maneno yake ili ajisikie mwenyewe. Timo, nilidhani nitapasuka.

Ilinibidi nipate mtu wa kufanyia mazoezi, ambaye si ndugu yangu. Nzembi, jirani yangu wa ukutani, mwenye yule kuku, akajitolea. Alinisimulia ugomvi wake na dada yake mpaka sauti ikakauka, nami natikisa kichwa tu. Alipomaliza akaniangalia juu hadi chini. "Sasa umenisaidia na nini? Umekaa tu hapo kama mtu ameng'olewa jino." Jioni hiyo akatangaza pale bombani kwamba Jentrix ameenda college kusomea kunyamaza na bado hajapita.

Halafu kuna hizi kuta zetu za mabati. Kaveke, mwanafunzi mwenzangu kutoka Kibera, alikuja ili tufanye mazoezi pamoja. Alikuwa katikati ya kunieleza jinsi bosi wake anavyomtesa, nimetulia vizuri kama nilivyofundishwa, mara sauti ya Nzembi ikapenya ukutani: "Wachana na hiyo job, mama! Rudi soko la Toi uuze nguo!" Tulicheka tukashindwa kuendelea. Mama Waruguru alipopata habari alitupa ufunguo wa stoo yake ya makaa, eti siri zetu tuzipeleke huko. Ana moyo mzuri yule mama, ila hapendi ijulikane. Sasa tunasikilizana gizani na kutoka tukiwa weusi mpaka puani.

Sasa nifike kwa Baba.

Najua moyo umekushtuka ulipoona jina lake. Usiruke, soma. Kila unapotuma ujumbe wa sauti unauliza hali ya kila mtu, hata kuku wa Nzembi unamuulizia, lakini Baba humtaji. Tangu tumzike Mama mwaka jana, nawe ukanyimwa ruhusa ya kuja, hujampigia. Yeye naye hajakupigia. Sikuulizi kwa nini. Nimeshakuambia swali hilo nimekatazwa.

Baba yuko hapa tangu mwezi uliopita, amekuja kliniki ya macho. Unajua mila yetu, hawezi kulala kwa mkwe wake, na nyumba yetu ni chumba kimoja na pazia. Kwa hiyo analala kwa Gerishon, yule kijana wa kwetu Kimilili anayepanga chumba cha mwisho. Mchana anakaa kwangu, kando ya cherehani, ananiangalia nikishona sare za shule.

Sikuwahi kukuambia hili, kwa kuwa sikujua maana yake. Siku ya kunyoa baada ya mazishi, tulipoketi familia yote na wembe ukapita kwenye kila kichwa, Baba alikataa. Tulidhani ni uchungu, wazee wakamwacha. Lakini hadi leo hajanyoa. Nywele zimejaa, ndevu zimeshuka kifuani, nyeupe zote. Watoto wa ploti wanamwita Father Christmas.

Na kila mtu ana la kumwambia. Mchungaji amemwambia marehemu amepumzika, naye akubali. Nzembi amemwambia atapata chawa. Murunga, kwa kuwa ni mkwe, hawezi hata kutaja kichwa cha baba mkwe wake, basi akapanga njama na Gerishon wamlete Wainaina kinyozi, aje kama mgeni wa kawaida, mashine ikiwa imefichwa kwenye mfuko. Chai ikanywewa. Wainaina alipoanza kutafuta soketi ukutani, Baba akainuka, akatoka. Alikwenda kwa miguu, na macho yale, mpaka Soko la Toi. Alirudi jioni amevaa kofia ya sufu ya mtumba, rangi ya waridi, ina kishada juu. Ameivuta hadi masikioni.

Tangu siku hiyo haivui. Kanisani wanaume hawaingii na kofia, kwa hiyo Jumapili anakaa nje kwenye benchi na kufuata nyimbo kupitia dirishani. Nikimwona pale nje, mzee wa kanisa mzima, naumia sana, Timo.

Ulimi uliniwasha. Nilikuwa na hotuba tayari, unanijua. Na masomo yangu yanasema mtu wako wa damu hawezi kuwa mteja wako, atakushinda. Lakini nikajiambia, hakuna mwalimu aliyenikataza kunyamaza nyumbani kwangu.

Juzi Alhamisi mvua ilinyesha kubwa baada ya chakula cha mchana. Mabati yalipiga kelele mpaka nikajua hata Nzembi leo hasikii kitu. Nikaacha kushona. Nikavuta kigoda nikaketi karibu na Baba, sikumwuliza lolote. Tulikaa hivyo mpaka chai ikapoa na mimi nikaanza kuhesabu misumari ya mlango ili nisifungue mdomo.

Kisha akasema, "Kichwa imekuwa mzito."

Nikasema tu, "Imekuwa mzito."

"Eeh. Mzito sana." Akavua kofia, akaiweka gotini.

Timo, alizungumza mpaka mvua ikakatika. Alimtaja Mama kwa jina lake, jambo ambalo hajalifanya tangu tumzike. Alilia, nami nikalia, ingawa hilo la mshauri kulia nadhani nitakatwa alama. Mengi aliyoniambia siwezi kukuandikia, hata wewe. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kazi hii na sitaki kuivunja kwa mtu wangu wa kwanza. Lakini nilimwuliza kama kuna neno ninaloweza kukufikishia. Akafikiri. Akasema lipo moja, ila nisiliseme kwa simu, kwa sababu hapa ploti simu ni ya wote.

"Andika. Mwambie Timo sijanyolewa. Wembe ilifika kwa watoto wote isipokuwa yeye. Sasa mimi ningenyolewa namna gani, nimwache amalizie matanga ya mama yake peke yake? Nilisema nitangoja. Tutakaa sisi wawili, siku moja, wembe moja."

Hilo ndilo neno. Wewe umekaa mwaka mzima ukiogopa kumpigia, ukidhani amekukasirikia kwa kutokuja. Yeye mwaka mzima amekuwa akikufugia nywele.

Sikupi ushauri wowote. Nimefunzwa hivyo, na kwa ada niliyolipa lazima nitii. Nimesikia kwa Valentine kwamba mwaka huu mkataba unakuruhusu likizo Desemba, lakini mimi nimenyamaza. Ninachosema ni kwamba nakupenda, ndugu yangu, na kwamba kila nikipika samaki wa kukausha naweka kipande pembeni kisha nakumbuka hupo.

Murunga anakusalimu, na anaomba nisisahau kusema kwamba ya kinyozi hayakuwa mawazo yake, jambo ambalo ni uongo. Watoto wanakusalimu. Nzembi na kuku wake wanakusalimu. Mama Waruguru anasema ukija atakupa chumba wiki nzima bure, nami nimeshuhudia, hawezi kuruka neno lake. Mungu akufunike juani huko, akuongoze mikono na hatua zako juu ya mapaa hayo, na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Baba sijamsahau. Nilimwuliza nikuandikie salamu gani kutoka kwake. Akavuta kofia yake masikioni, akasema yeye hana salamu za kutuma. Zake utakuja kuzichukua mwenyewe, na uje na nywele.

Dada yako akupendaye, hata akiwa amenyamaza,

Jentrix