Mkwe Havaliwi Helmeti

Joyness upo? Nina hasira!

Shemeji Mayige kagongwa! Mume wa dada Felisita, huyo huyo. Alikuwa kwenye baiskeli njia ya Migato, bodaboda ikamparamia kwa nyuma. Yuko hai, ila kichwa kimepasuka, kashonwa nyuzi kibao.

Sasa sikia wodi nzima inavyosema. "Si alikuwa na helmeti? Hizo kofia ni urembo tu!" Hata huyo wa bodaboda kasema hivyo hivyo. Urembo!!

Joy, helmeti ilikuwa KWENYE USUKANI. Haina hata mkwaruzo!

Unajua kwa nini? Alikutana na mama yetu anatoka kuchuma pamba. Mayige amsalimie mkwe na kofia kichwani? Thubutu! Akashuka, akaivua, akainama, akamwamkia kwa Kisukuma: "Mwadila, mayu." Kisha akapanda baiskeli kichwa wazi, eti kwa sababu mama bado alikuwa anamtazama. Hakufika mbali.

Na mama huyo huyo kaja wodini, kasimama katikati ya watu: "Mkwe wangu asinunue tena hizo kofia, hazisaidii."

Mama! Aliyevuliwa kofia si wewe?

Dada Felisita kavimba kwa hasira.

Sasa Mayige kusikia sauti ya mkwe, akafumbua macho. Mkono ukapanda kichwani taratibu, akaanza kufungua BANDEJI.

Dada akaudaka huo mkono. "Vua hiyo, Mayige, nikumalize mwenyewe!"